Zeze Halishindani na Spika

Mhadhara juu ya kuandaa tamasha la muziki wa nyuzi mkoani Singida kwa nguvu za watu wa kujitolea

 

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuendesha tamasha la muziki wa asili wa nyuzi hapa Singida, tamasha ambalo waandaaji wake hawalipwi. Najua wengi mnangoja nianze na fedha, kwa kuwa vikao vingi vya matamasha huanza na fedha na vingine huishia hapohapo. Mimi naomba tuanze na sauti. Naamini kwa dhati kwamba mtu akishaelewa jinsi sauti ya zeze ilivyo ndogo, atajua mwenyewe tamasha lifanyike wapi, saa ngapi, liwe na watu wangapi, mfadhili apewe nafasi gani na nani alipwe.

Tulitazame zeze lenyewe kwa karibu. Zeze la Wagogo, ambalo ndugu zetu wa Manyoni wamelirithi kwa babu zao, ni mti mwembamba uliopitishwa kwenye kibuyu, au kwenye kipande cha mti kilichokombwa ndani, kikawambwa ngozi, mara nyingi ngozi ya kenge. Yapo mazeze ya uzi mmoja, yapo ya nyuzi mbili, na yapo yenye nyuzi nyingi zaidi. Zamani uzi ulikuwa mshipa wa mnyama; leo fundi anaweza kuchomoa waya kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Uta wake ni mfupi, umefungwa nyuzi za katani zilizopakwa utomvu wa mti ili zikwaruze vizuri. Mpigaji huliegemeza zeze mwilini, akavuta uta kwa mkono mmoja huku vidole vya mkono wa pili vikiugusa uzi bila kuukandamiza hadi kwenye mti, na wakati huohuo anaimba.

Kaa hatua kumi kutoka kwake. Unasikia uzi, unasikia mkwaruzo wa uta, unasikia na pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza ubeti. Rudi nyuma hatua hamsini, umebaki na mwimbaji tu. Ikipita bodaboda, hata mwimbaji umempoteza.

Ndono ndiyo ndogo zaidi. Huo ni upinde wenye uzi mmoja unaogongwa kwa kijiti, na mgongoni umefungwa kibuyu chenye mdomo wazi. Mpigaji hukisogeza kibuyu kifuani na kukiondoa, akiufunga na kuufungua mdomo wake juu ya mwili wake mwenyewe, na kwa kufanya hivyo sauti moja inazaa sauti nyingine juu yake. Anayeisikia ndono kwa ukamilifu ni mpigaji. Anayefuata ni mtu aliyekaa magoti kwa magoti naye.

Sasa mchukue mzee mpiga zeze umpeleke kwenye hafla za siku hizi. Kuna jenereta, kuna spika zilizopangwa kama ukuta, kuna mshereheshaji asiyenyamaza. Mzee anapewa dakika tatu kabla ya mgeni rasmi kuwasili. Kipaza sauti kinawekwa mbele ya mdomo wake, kwa hiyo tunasikia mdomo. Ngoma zilizo nyuma yake zinaingia kwenye kipaza sauti bila kualikwa. Zeze linabaki kuonekana tu. Watu wanapiga makofi, wanapiga picha, kisha wimbo wa kwenye kompyuta unarudi hata kabla mzee hajashuka jukwaani. Hafla kama hizo nimezihudhuria nyingi, na kila mara niliona kijana wa kizazi kipya akiondoka ameamini kwamba zeze ni pambo la kitamaduni ambalo halina muziki ndani yake. Hilo ndilo dhara kubwa. Tungekuwa hatujamwalika mzee kabisa, kijana yule angalau angebaki na hamu.

Hoja yangu ni hii. Tamasha la nyuzi lisiwe na spika. Lisipokuwa na spika litalazimika kuwa dogo. Na likiwa dogo, watu wa kujitolea wataweza kulibeba mwaka hadi mwaka bila kuvunjika mgongo. Sauti ya chombo na uwezo wa waandaaji vinakwenda pamoja. Ukikuza kimoja kupita kiasi, unaua kingine.

Mtasema: lakini Hukwe Zawose alipigia vipaza sauti duniani kote. Kweli. Zawose, Mgogo aliyetoka Dodoma akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki Desemba 2003, alirekodi na studio za Real World huko Uingereza na kupanda majukwaa makubwa ya matamasha ya WOMAD. Lakini nyuma ya vipaza sauti vile walikuwapo mafundi wenye subira ambao kazi yao yote ni kuusikiliza uzi mmoja na kuuchukua ulivyo. Vifaa vile na ufundi ule ni ghali. Sisi tunaokodi spika za harusi tusijidanganye kwamba tunafanya jambo lilelile. Kwa bahati tuliyo nayo, uwanja wetu ungali na kitu ambacho jukwaa kubwa hulazimika kukinunua, nacho ni utulivu.

Hapo ndipo Singida inapotufaa. Mkoa huu una zaidi ya kilomita za mraba 49,000, na Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 2 hivi. Una majabali. Anayefika mjini kwa mara ya kwanza huyashangaa yale mawe makubwa yaliyopandiana kandokando ya Ziwa Singidani na Ziwa Kindai. Sisi tumeyazoea, tunayapita. Kwa mwandaaji wa muziki usio na spika, jabali ni mali. Mweke mpigaji mbele ya jabali pana, mgongo wake ukielekea jiwe, na wasikilizaji mbele yake katika nusu duara. Sauti iliyokuwa ipotelee nyuma inarudi mbele. Na muhimu zaidi, jiwe linakinga upepo.

Upepo ndio adui wetu halisi. Wataalamu wa umeme wa upepo wamekuwa wakiupima upepo wa Singida kwa miaka mingi, na hawakuja bure. Katika miezi ya kiangazi unavuma kiasi cha kukung'oa kofia, na hata usipokung'oa kofia unajaza masikio. Majani ya mti uliokaa chini yake yanatosha kuifunika ndono. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha bango lolote, waandaaji waende uwanjani na mpiga zeze mmoja, katika mwezi uleule na saa zilezile zitakazotumika, waketi mahali mbalimbali wasikilize. Mmoja abaki karibu, mwingine asogee nyuma taratibu mpaka pale anapoacha kuusikia uzi. Pale pigeni kigingi. Hicho kigingi ndicho ukingo wa hadhira yenu, na hakuna mkuu yeyote wa kukihamisha.

Kwa jinsi nilivyosikiliza, duara moja haliwezi kuzidi watu 150 hivi, walioketi kwenye mikeka mbele na viti nyuma. Mnataka watu wengi zaidi? Ongezeni maduara, kila moja nyuma ya jabali lake, msiongeze sauti. Maduara manne yanatosha watu 600 kwa wakati mmoja, na wapigaji wanahama kutoka duara hadi duara. Anayeketi anasikiliza seti nzima. Anayetaka kuzungumza na simu anakwenda upande wa chakula. Mtu wa kujitolea mwenye kitambaa cha rangi mkononi anasimama kwenye kila lango la duara, na kazi yake ni moja tu: kuwazuia watu kwa upole wasiingie wala kutoka katikati ya wimbo. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, mmeshafanya nusu ya tamasha.

Ngoma nazo? Muheme wa akina mama wa Kigogo ni fahari, na siwezi kufikiria siku nzima bila huo. Lakini ngoma ikianza duara la kwanza, zeze la duara la tatu limekwisha. Basi ngoma zipewe saa ya mwisho ya siku, jua linapopoa, maduara yote yakivunjwa na watu wote wakikusanyika uwanja mmoja. Hakuna atakayejiona amebaguliwa, maana saa ya mwisho ndiyo saa ya heshima.

Niseme kidogo kuhusu akina mama na nyuzi. Katika nyumba nyingi za muziki huu wanaume ndio walioshika vyombo, na wanawake wakaitikia. Familia ya Zawose yenyewe ilikuwa hivyo, mpaka Pendo na Leah Zawose, mmoja binti na mwingine mjukuu wa Hukwe, walipojitokeza kwa jina la The Zawose Queens na kutoa albamu iitwayo Maisha mwaka 2024. Kamati itakayopanga ratiba yetu ikisema haijapata mwanamke mpiga zeze, ijibiwe kwamba haijatafuta vya kutosha, au kwamba iwape wasichana mazeze sasa ili miaka mitano ijayo wawepo.

Tusitazame mbali sana kwa mfano wa kuiga. Chamwino, upande wa pili wa jiji la Dodoma, kuna Tamasha la Muziki wa Cigogo lililoanza mwaka 2009 chini ya Kituo cha Sanaa Chamwino. Aliyelisukuma ni Dkt. Kedmon Mapana, wakati huo akiwa mwalimu wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye baadaye akawa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kinachonivutia pale ni kwamba tamasha lilipelekwa nyumbani kwa muziki. Vikundi vya vijiji vinapiga mbele ya watu wanaojua nyimbo zile, wanaojua nani amekosea na nani ameongeza. Hadhira ya namna hiyo ndiyo mkaguzi bora. Msanii akiwapigia wageni peke yao, baada ya muda huanza kupiga kile ambacho wageni wanadhani ndicho chenyewe.

Mfano mwingine uko Usukumani, na ni wa zamani zaidi. Pale Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement kutoka Kanada aliiunganisha sikukuu ya Ekaristi na mashindano ya ngoma, ikawa Bulabo. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyokuwapo tangu karne ya 19, vinapambana kwa kucheza kwa wakati mmoja, kila upande ukijaribu kuwavuta watu watoke kwa mwenzake. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Padri ameshafariki na Bulabo haikufa. Kwa nini? Kwa sababu vyama vile havikuundwa na tamasha. Vilikuwapo kabla yake, vina viongozi wao, dawa zao, wanachama wao, nyimbo zao za kulimia, na vina kisasi cha mwaka jana cha kulipa. Tamasha liliwapa uwanja tu. Nasisitiza hili kwa sababu wengi huanza kwa kuunda kikundi kwa ajili ya tamasha, na tamasha likiisha kikundi nacho kimeisha.

Hata hivyo, mashindano yale ya Bulabo nisingeyaleta kwenye zeze. Ngoma hushindana kwa nguvu na mbwembwe, na hiyo ni haki yake. Zeze likiambiwa lishindane litaanza kupiga kelele, na ataibuka mshindi yule mwenye sauti kali kuliko wote.

Visiwani nako kuna mfano ambao hatuutaji vya kutosha tunapozungumza habari za kujitolea. Ikhwani Safaa, chama cha taarabu cha Unguja, kilianzishwa mwaka 1905. Kilisimama kama klabu ya wanachama: watu wenye shughuli zao mchana, jioni wakakutana kwa udi, ganuni na fidla, wakajifunza, wakafundishana, wakafarijiana katika misiba na kupongezana katika harusi. Zaidi ya karne moja ya muziki wa nyuzi imebebwa na uanachama. Mkiniuliza chombo gani cha kuendesha tamasha letu, nitasema klabu ya namna hiyo: watu wanaokutana mwaka mzima kwa ajili ya muziki wenyewe, na siku mbili za tamasha zikawa tunda la mikutano hiyo. Kamati inayokutana miezi miwili kabla ya tukio na kutawanyika wiki moja baadaye haiwezi kudumu.

Linganisheni na Sauti za Busara. Tamasha hilo, lililoanza mwaka 2004 Unguja, limefanya kazi kubwa mno kwa muziki wa Afrika, na sharti lake la muziki wa kupigwa moja kwa moja ukumbini naliheshimu sana. Lakini mwaka 2016 halikufanyika, kwa kuwa fedha za wafadhili hazikutosha. Lilirudi mwaka 2017 kwa jitihada ya watu wenye moyo. Tamasha la ukubwa ule lina ndege za kulipia, hoteli, mitambo na wafanyakazi. Haliwezi kusimama juu ya michango ya debe la mahindi. Letu linaweza, alimradi libaki na ukubwa ambao debe la mahindi linauweza.

Huko Marekani, katika jimbo la West Virginia, kuna mkusanyiko wa bendi za nyuzi mahali paitwapo Clifftop, tangu mwaka 1990. Wapiga fidla na banjo huja na mahema, na wengi watakuambia kwamba muziki wenyewe uko kwenye mahema, si jukwaani: watu wasiojuana wanaketi usiku kucha wakipokezana nyimbo. Banjo asili yake ni vyombo vya Afrika, na mpigaji mashuhuri Béla Fleck aliifuata asili hiyo mpaka kwetu. Filamu yake ya safari ile, Throw Down Your Heart, inamwonyesha akipiga pamoja na mwanamuziki Anania Ngoliga hapa Tanzania. Katika kupanga tamasha letu tuache basi nafasi isiyo na ratiba. Wapigaji kutoka Iramba, Mkalama, Manyoni na Ikungi wapate usiku mmoja wa kukaa pamoja, moto ukiwaka na chakula kikiwapo, bila hadhira. Mpiga ndono akikutana na mpiga zeze asiyemfahamu, atajifunza pale kitu ambacho semina haiwezi kumfundisha.

Sasa tufike kwa watu wenyewe. Mnaposema kujitolea, tofautisheni mwandaaji na mpigaji. Mwandaaji anaweza kujitolea. Mpigaji alipwe.

Narudia, kwa kuwa hapa ndipo dhuluma hujificha ndani ya nia njema. Mzee anayetoka kijiji cha Munguli, wilayani Mkalama, hadi Singida mjini ameacha kazi zake, amesafiri barabara ya vumbi na amebeba chombo ambacho hakuna duka la kununulia kingine. Mwalimu anayejitolea langoni atarudi Jumatatu kwenye mshahara wake. Hawa wawili hawajitolei kitu kimoja. Nimewahi kuona kikundi cha wazee kikiambiwa kwamba bajeti imeishia kwenye maturubai na fulana. Waliondoka bila neno, na mwaka uliofuata walipoitwa hawakuja. Fulana hazikuhitajika. Fedha ya kwanza inayopatikana iwekwe kwenye bahasha za wapigaji, nauli ikiwa mbali na malipo, kiasi kimoja kwa kila mpigaji, na kila mmoja akabidhiwe mkononi mwake siku ileile kabla hajapanda gari. Kiongozi wa kikundi asipewe mzigo wa kugawa fedha za wenzake, mnamtengenezea ugomvi.

Na kwa kuwa nimetaja Munguli: Wahadzabe wa Mkalama wakija, waje kama wapigaji. Wameshazoea kutazamwa na watalii, na wengine wetu tumezoea kuwatazama hivyohivyo. Wao wenyewe waamue wapige nini, wavae nini na waketi wapi. Wakitaka kuja na suruali na viatu, hiyo ndiyo sare ya tamasha. Mpiga picha atakayewaomba wavue shati atolewe uwanjani.

Kwa waandaaji, ugumu uko kwenye posho. Tumelelewa katika vikao vya posho mpaka kuitana bila bahasha kunaonekana kama dharau. Sidhani kwamba watu wetu hawajui kujitolea. Kijijini mtu akialika majirani kulima shamba lake, akapika, watu wanakuja, na kesho anakwenda kwa mwenzake. Pale kuna kanuni tatu ambazo kamati zetu husahau: kazi inajulikana mwanzo na mwisho wake, chakula kipo, na zamu ya kurudishiwa itafika. Mwombe mtu saa nne za langoni Jumamosi asubuhi, atakuja. Mwombe awe mjumbe wa kamati ndogo ya uratibu kwa muda usiojulikana, atatafuta udhuru, na ana haki. Na asiyelipwa asigharamie: nauli yake ya bodaboda, maji yake na sahani yake ya ugali na mlenda ziwe kwenye bajeti, zisiachwe kwenye huruma.

Kwa ukubwa niliousema, watu arobaini wanatosha. Skauti langoni. Msalaba Mwekundu kwenye huduma ya kwanza. Kwaya za makanisa na vijana wa madrasa, ambao wamezoea kupokea wageni wengi kwa pamoja, kwenye malazi. Akina mama lishe walipwe, maana ile ni biashara yao, na wapewe oda mapema. Mgambo wawili au watatu kwenye maegesho. Wanafunzi wa Taasisi ya Uhasibu tawi la Singida washike daftari, wapate na mazoezi ya kazi waliyoisomea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hasa mali ya michango ya simu inayoingia shilingi elfu mbili mbili. Hesabu zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa wiki ileile, mapato upande huu na matumizi upande ule, hata kama zinaonyesha upungufu. Mtu akishaona elfu mbili yake ilinunua nini, mwaka ujao ataleta elfu tano.

Kila nafasi iwe na watu wawili, anayefanya na anayejifunza, na baada ya miaka miwili anayefanya apumzike. Nasema apumzike hata kama ni hodari, na hasa akiwa hodari. Matamasha mengi madogo yana mtu mmoja anayejua namba ya dereva, ufunguo wa stoo, jina la mtendaji wa kata na mahali wanapokaa wapigaji. Siku huyo mtu akihamishwa kikazi au akiugua, tamasha limehama naye.

Vibali sitavikawiza. Ofisa Utamaduni wa wilaya, mtendaji, polisi, na BASATA, baraza lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984: waendewe mapema, kwa barua, na waalikwe wakae kwenye mkeka.

Tarehe pia haina fumbo. Baada ya mavuno ya alizeti, watu wanapokuwa na nafasi na fedha kidogo, kabla upepo haujawa mkali kupita kiasi. Mchango wa mafuta na kuku ni rahisi zaidi kwa wengi wetu kuliko fedha taslimu, na mhazini aupokee kwa heshima ileile na kuuandika kwa thamani yake.

Jambo ambalo halijapata nafasi katika mipango mingi ni kurekodi. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi wapigaji wa vyombo vyetu, Wagogo wakiwamo, na kanda zake zikaishia Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha, ILAM. Zimehifadhiwa vizuri na tunashukuru. Lakini wenye nyimbo hawakubaki na kitu mkononi. Kwa majirani zetu Kenya, ilichukua mpaka mwaka 2015 ndipo rekodi yake ya wasichana wa Kipsigis ikarudishwa kijijini kwao, miaka 65 baadaye, ikawakuta waliokuwa vijana wakiwa wazee. Leo kila mtu ana mashine ya kurekodi mfukoni na anaweza kuuweka wimbo wa mzee kwenye intaneti kabla mzee hajamaliza kuupiga. Sheria Na. 7 ya mwaka 1999 ya hakimiliki ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na ni vizuri waandaaji waisome. Ila ulinzi wa karibu zaidi uko mikononi mwetu. Tuteue warekodi wawili tu, wenye vifaa vizuri, wanaomwomba kila mpigaji ridhaa kabla, kwa lugha yake, na kumweleza rekodi itakwenda wapi. Nakala moja apewe yeye kwenye kadi ya simu aliyonayo au ya mwanawe. Nakala ya pili ikae maktaba ya mkoa hapa Singida, pamoja na jina lake, kijiji chake, aina ya chombo chake na aliyemfundisha. Wengine wote waombwe waweke simu mfukoni ndani ya duara. Watatii, kama mtu wa langoni atawaomba kwa adabu na kama wataona kiongozi wa wilaya naye ameiweka yake.

Na mafundi. Mpiga zeze mzuri anaweza kupatikana. Fundi wa kulitengeneza ni wa kutafuta. Uwanjani pawe na kivuli cha mafundi, ambapo mtoto wa shule anaona kibuyu kikisafishwa, ngozi ikilowekwa na kuwambwa, waya ukivutwa, kigingi kikikataa na kulowanishwa mate kidogo mpaka kishike. Klabu inunue kila zeze litakalotengenezwa siku hizo mbili na kuligawa kwa shule za msingi, pamoja na fungu la nauli la mpigaji atakayekwenda kufundisha mara moja kwa mwezi. Katika bajeti nzima, hilo ndilo fungu ambalo nisingekubali lipunguzwe hata shilingi.

Likienda vizuri kwa miaka miwili au mitatu, atakuja mtu mwenye fedha. Atakuja kwa nia njema, na gari lake la matangazo lenye spika na jukwaa linalofunguka ubavuni, na atasema wazee hawa wanastahili kusikika na watu elfu kumi. Kamati itavutika, hasa ile iliyochoka kuomba debe la mahindi. Mpokeeni, mketisheni kwenye duara aone alichotaka kukikuza. Kisha mpeni orodha ya mahitaji: matangi mawili ya maji, vyoo vya muda kumi, mikeka mia mbili, basi la kuwaleta wapigaji kutoka Nduguti, Mkalama, na kuwarudisha, kinasa sauti kizuri kimoja, na mahindi ya siku mbili. Gari lake liegeshwe barabara kuu, mtambo ukiwa umezimwa.